Detroit Lions 2008: mechi 16, vichapo 16, na mnayemlaumu sio yeye

Kuna kipande cha video cha sekunde chache ambacho kila anayefuatilia futiboli ya Kimarekani ameshakiona hata kama hakutaka. Oktoba 12, 2008, ndani ya Metrodome pale Minneapolis, kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa Detroit Lions anaitwa Dan Orlovsky, siku yake ya kwanza kabisa kuanza mechi kwenye NFL, yaani ligi kuu ya huko, timu yake imebanwa huku mwisho kabisa kwenye goli lao, anaupokea mpira anatafuta wa kumrushia, mara jitu la Minnesota Vikings linaitwa Jared Allen hilo linamjia, jamaa anakimbilia pembeni na katika kukimbia keshakanyaga nje ya mstari wa nyuma, afu yeye hajui, anaendelea kukimbia tu na mpira wake mpaka anashtukia filimbi. Ukitoka nje ukiwa kwenye eneo lako la kufungwa wapinzani wanapewa pointi 2, bure kabisa, bila kuguswa.

Mechi ikaisha Vikings 12, Lions 10.

Ndo maana watu wakaokota hiyo video wakaigeuza picha ya msimu mzima. Detroit Lions wa 2008 walicheza mechi 16 wakapoteza 16, timu ya kwanza katika historia ya ligi kufanya hivo, na ukimuuliza mtu yeyote ilikuwaje atakutajia Orlovsky. Mi nimerudia msimu ule mechi kwa mechi na naomba kumtetea huyu jamaa kidogo, sio kwamba alikuwa mchezaji mzuri sana, hapana, ila ile mechi ya Minnesota ndo siku ambayo Lions walikaribia kabisa kushinda, na walikaribia kwa sababu wapinzani walifunga 12 tu. Shida ya ile timu ilikuwa kuzuia, na hiyo shida ilianza kupikwa miaka saba kabla.

Ngoja nitangulize hesabu maana ndo mzizi wa haya yote. Msimu mzima Lions walifunga pointi 268 wakafungwa 517. Hiyo 517 ukiigawa kwa mechi 16 unapata kama 32 kila mechi. Katika mechi 16 kuna 11 ambazo wapinzani walifikisha 30 au zaidi. Sasa siku ambayo Lions wenyewe walifunga nyingi kuliko siku zote msimu ule walifunga 25, dhidi ya Green Bay, na siku hiyohiyo wakafungwa 48. Haya, tufanye mchezo: tuwape Lions ile siku yao bora kila wiki, tuseme kila mechi walifunga 25 bila kukosa. Unajua wangeshinda ngapi? Mbili. Zote dhidi ya Vikings, ile ya 12-10 na ile ya marudiano nyumbani waliyofungwa 20-16, afu wangetoka sare na Washington. Zilizobaki zote 13 wangepigwa vilevile. Kwa hiyo hata ungemtoa Orlovsky ukamleta malaika, bado unamaliza msimu na ushindi miwili.

Sasa turudi nyuma, maana balaa hili lina baba yake.

Lions ni mali ya familia ya Ford, ndio, hao hao wa magari. William Clay Ford, mjukuu wa Henry Ford, aliinunua miaka ya 60 mwanzoni, na ubingwa wa mwisho wa timu ulikuwa 1957, kabla yake. Toka 1957 mpaka huo msimu tunaouongelea walikuwa wameshinda mechi moja tu ya mtoano, Januari 1992 walipowafunga Dallas. Moja. Miaka hamsini. Kuna hadithi ya mtaani kwamba Bobby Layne, kwotabeki aliyewapa ubingwa miaka ile, walipomuuza 1958 alisema hawatashinda kitu kwa miaka 50, na 2008 ndo ulikuwa mwaka wa hamsini. Hadithi tamu, ila mi kwenye laana sipo, maana ukifungua tu orodha ya wachezaji waliosajiliwa unaona binadamu ndo wamefanya.

Mwaka 2001 mzee Ford akamchukua Matt Millen awe rais na bosi wa timu. Millen alikuwa mchezaji wa maana enzi zake, ana pete 4 za Super Bowl, yaani fainali ya ligi, na wakati anachukuliwa alikuwa mchambuzi kwenye tv. Kusajili, kupanga bajeti, kuongoza skauti, hivo vitu alikuwa hajawahi kuvifanya popote. Kumbuka kwenye NFL hakuna kushuka daraja, ukishika mkia unaambiwa pole afu kwenye drafti, yaani ule mgao wa vijana wanaotoka vyuoni, unachagua mapema kuliko wote. Ligi yenyewe inakubeba. Ili ushindwe mfululizo kwenye mfumo kama huo inabidi uchague vibaya mfululizo, na Millen alichagua.

2003 chaguo la pili la ligi nzima akamchukua Charles Rogers, mdakaji pasi. 2004 chaguo la saba akamchukua Roy Williams, mdakaji pasi. 2005 chaguo la kumi akamchukua Mike Williams, mdakaji pasi. 2007 chaguo la pili, Calvin Johnson, mdakaji pasi. Drafti 5 wadakaji 4, wote raundi ya kwanza, ni kama mtu anayejenga nyumba kila akipata hela ananunua pazia. Huyo wa mwisho, Calvin, alikuwa kweli, tena mmoja wa bora kuwahi kutokea, ndo yule waliyekuja kumuita Megatron. Roy alikuwa mzuri kiasi. Wale wengine wawili wakapotea. Ila kinachouma ni kile cha 2005: baada tu ya Lions kumchukua Mike Williams kwenye namba 10, Dallas waliokuwa namba 11 wakamchukua DeMarcus Ware, mtu ambaye kazi yake ni kuwaangusha makwotabeki. Mwaka 2008, wakati Lions wanaokota mpira nyavuni kila wiki (natumia lugha yetu tu, nyavu hakuna), Ware aliwaangusha makwotabeki mara 20, akaongoza ligi nzima. Yule angekuwa Detroit. Kumi, kumi na moja, nafasi moja tu hiyo.

Mashabiki walikuwa wameshaona mapema. Mwisho wa 2005 waliandamana kabisa kutaka Millen aondoke, maandamano yakaitwa Millen Man March, na mabango ya "Fire Millen" yakaanza kuonekana hadi kwenye viwanja ambavyo Lions hawakuwepo. Mzee Ford hakusikia, tena mwaka huohuo alikuwa ameshampa mkataba mpya. Utulivu wa matajiri huu, sijui tuuite upole au ukaidi.

Kocha wa wakati huo ni Rod Marinelli, mwanajeshi wa zamani, aliwahi kupigana Vietnam, mtu wa nidhamu, alitokea Tampa Bay alikokuwa anafundisha wale mafundi wa mstari wa mbele wa ulinzi waliochukua Super Bowl Januari 2003. Alikuja Detroit 2006 na mfumo ule ule wa Tampa, wanauita Tampa 2. Kwa kifupi ni kwamba mabeki wawili wanakaa nyuma kabisa, wengine wanalinda maeneo badala ya kumng'ang'ania mtu, na mbele unawaacha watu wanne tu wamsumbue kwotabeki. Ni mfumo mzuri sana kama hao wanne ni moto. Tampa walikuwa na Warren Sapp na Simeon Rice mbele, nyuma yao Derrick Brooks na Ronde Barber. Hao wanne wa mbele wasipomfikia kwotabeki, yeye anasimama anapiga chai, wadakaji wake wanazunguka mpaka wanapata uwazi, kila pasi inafika.

Detroit hawakuwa na hao wanne. Jitu lao la katikati, Shaun Rogers, mtu mzito kuliko mlango wa benki, walimpeleka Cleveland mwanzoni mwa 2008 wakapewa beki Leigh Bodden na chaguo la raundi ya tatu. Nyuma wakaleta watu waliowahi kupita Tampa kina Brian Kelly, Dwight Smith, Kalvin Pearson, mbele wakawa na Chuck Darby naye wa hukohuko. Yaani Marinelli alikusanya watu waliokuwa wanaujua mfumo, ila wale waliokuwa wanaufanya mfumo utishe hakuwa nao. Na mratibu wa ulinzi alikuwa Joe Barry, ambaye ni mkwe wake, kamuoa binti yake. Hilo tunza, tutalirudia.

Kabla ya kuanza, kulikuwa na dalili za uongo mbili zilizowadanganya wengi. Ya kwanza, 2007 timu ilianza kwa kushinda 6 kati ya 8, watu wakaanza kuota, afu nusu ya pili wakashinda 1 wakapoteza 7. Wengi wakakumbuka ile nusu ya kwanza tu. Ya pili ndo inachekesha: mechi za maandalizi za Agosti 2008 Lions walicheza 4 wakashinda zote 4. Hawajapigwa kabisa, kama tunavyosema kwenye ndondi. Mechi za maandalizi huwa wanacheza wa akiba muda mwingi na makocha wanaficha mbinu zao, kwa hiyo zile nne zilikuwa na thamani ya karatasi ya maandazi.

Septemba ikafika. Mechi ya kwanza Atlanta, wanakutana na kwotabeki kinda anaitwa Matt Ryan, hajawahi kurusha pasi kwenye NFL. Pasi yake ya kwanza kabisa kwenye ligi ikawa tachidauni, yaani mpira umefika mpaka golini, ya yadi 62 kwa Michael Jenkins. Ya kwanza! Siku hiyohiyo Michael Turner akakimbia yadi 220 katikati yao. 34-21. Mechi ya pili nyumbani na Green Bay, wakajikuta 21-0 nyuma, wakapambana mpaka robo ya mwisho wakapata uongozi 25-24, uwanja umeamka, afu Jon Kitna akaanza kurusha pasi mikononi mwa Green Bay na mbili zikarudishwa moja kwa moja mpaka golini, 48-25. Mechi ya tatu San Francisco, 31-13, na mbinu za ushambuliaji za San Francisco alikuwa anazipanga Mike Martz ambaye Lions wenyewe walikuwa wamemtimua miezi michache nyuma.

Baada ya hapo Bill Ford Jr., mtoto wa mwenye timu, akawaambia waandishi kwamba kama ingekuwa juu yake Millen angeshaondoka. Siku mbili baadae, Septemba 24, Millen akatimuliwa. Rekodi yake: ushindi 31, vipigo 84. Mji ulishangilia kana kwamba wameshinda mechi, na kusema kweli hiyo ndo furaha pekee waliyopata mwaka huo.

Ila kumtoa mpishi wakati wali umeshaungua hakurudishi mchele. Wakapigwa na Chicago 34-7. Kitna akaumia mgongo, msimu wake ukaishia hapo. Ndo ikaja ile ya Minnesota.

Na hapa naomba usome taratibu, maana hii mechi watu wanaikumbuka kwa sekunde zile za Orlovsky tu. Mpaka dakika za mwisho Lions walikuwa mbele 10-9. Pamoja na kituko chote, walikuwa mbele. Vikings wanarusha pasi ndefu, mwamuzi anatoa faulo ya beki kumzuia mdakaji, yadi 42 bure, na beki aliyepewa faulo ni Leigh Bodden, huyu huyu aliyekuja badala ya Shaun Rogers. Mashabiki wa Detroit mpaka leo wanasema haikuwa faulo, nimeiangalia na mi naona mwamuzi aliwaonea, lakini ndo hivo. Vikings wakasogea, Ryan Longwell akapiga mkwaju wa yadi 26 zikiwa zimebaki sekunde 9. Kwisha. Siku pekee msimu mzima ambayo ulinzi ulifanya kazi ya kueleweka, ndo siku ushambuliaji ukagawa pointi 2 na mwamuzi akagawa yadi 42.

Siku mbili baada ya hapo wakamuuza Roy Williams kwenda Dallas, wakapata chaguo la raundi ya kwanza na mengine juu yake. Hapo ndo ujue ofisi ilishakata tamaa na msimu, wanawaza mwakani. Biashara nzuri ile, siwalaumu, ila fikiria wewe ni mchezaji umebaki kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Kuanzia hapo mechi zinafanana mpaka inachosha kusimulia. Houston 28-21, humo Calvin Johnson akakimbia na pasi ya yadi 96 mpaka golini na bado haikusaidia. Chicago marudiano, Lions walikuwa mbele 23-13 mapumziko, kipindi cha pili hawakufunga hata pointi moja, 27-23. Wakamtoa Daunte Culpepper alikokuwa kastaafu aje awe kwotabeki, wakapigwa na Jacksonville 38-14. Tampa Bay, Lions wakaanza 17-0, nikisema 17-0 namaanisha wao ndo wenye 17, wakamaliza wamefungwa 38-20. Unaona sasa? Kupata pointi walikuwa wanapata. Kuzitunza ndo hawakuweza.

Na kuna namba moja inaeleza hii kuliko maneno yangu yote. Msimu mzima, mechi 16, pasi mamia zimerushwa kuelekea kwao, walinasa 4. Nne! Kulikuwa na mabeki mmojammoja kwenye timu nyingine walionasa zaidi ya hizo peke yao. Huo mfumo wa Tampa maisha yake yote ni kumfanya mpinzani arushe akiwa na haraka afu wewe unanasa. Usiponasa, umekaa nyuma unamsubiri mtu aje akufunge kwa nafasi yake.

Siku ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, ilikuwa aibu ya kitaifa. Lions walianza kucheza nyumbani siku ya Thanksgiving 1934, na toka 1945 hawajakosa hata mwaka mmoja, nchi nzima iko sebuleni na bata mzinga wake, tv moja. Tennessee Titans wakaja wakaondoka na 47-10. Watu wakaanza kuuliza kama Detroit wanastahili kuendelea kupewa ile siku.

Na Detroit yenyewe ilikuwa kwenye hali gani? Desemba hiyohiyo kampuni za magari zilikuwa Washington zinaomba kuokolewa, Desemba 19 rais Bush akatangaza mkopo wa dola bilioni 17.4 kwa General Motors na Chrysler. Watu wanapoteza kazi, tiketi nani atanunua. Afu NFL enzi hizo walikuwa na sheria kwamba tiketi zisipoisha masaa 72 kabla ya mechi, tv za eneo hilo hazioneshi. Kwa hiyo baadhi ya mechi za Ford Field, uwanja wa Lions, watu wa Detroit hawakuziona hata kwenye runinga zao. Sijui niseme ilikuwa adhabu au huruma.

Desemba 21 New Orleans wakaja wakawapiga 42-7, vipigo 15. Kwenye mkutano na waandishi baada ya mechi, mwandishi mmoja wa Detroit News akamuuliza Marinelli kama anatamani binti yake angeolewa na mratibu bora wa ulinzi. Mbele ya kamera. Mzee wa watu akakaa kimya, hakumrushia kitu, na mwandishi ndo akaishia kulaaniwa na gazeti baadae wakaachana. Mi naona lile swali lilikuwa la kishenzi, familia ya mtu haiingizwi. Lakini ushenzi wake ulikuwa kwenye binti, kwenye ulinzi jamaa aliuliza kitu cha kweli ambacho wiki 15 kila mtu alikuwa anakizunguka.

Ya mwisho ilikuwa Desemba 28, Lambeau, Green Bay, mahali ambapo Lions walikuwa hawajashinda toka 1991. Walipambana, nawapa haki yao, robo ya mwisho walikuwa nyuma kwa pointi 3 tu, afu Aaron Rodgers akamtupia Donald Driver moja ya yadi 71. 31-21. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Tampa Bay 1976, sifuri kwa 14, ile ilikuwa timu mpya kabisa inajifunza kutembea. Hawa wa Detroit walikuwa na wachezaji wa kweli ndani. Calvin Johnson peke yake alimaliza na yadi 1,331 na tachidauni 12, kwenye timu iliyobadilisha makwotabeki kila mara. Jason Hanson, mpigaji wao, alipiga mikwaju 8 ya yadi 50 na kuendelea akapata yote 8. Yule mzee angekuwa na timu nyingine tungekuwa tunamsimulia mpaka leo.

Kesho yake Marinelli akatimuliwa, miaka mitatu, ushindi 10 na vipigo 38. Akaja Jim Schwartz, mtu wa ulinzi kutoka hao hao Titans, na kwenye drafti wakachukua namba moja Matthew Stafford, ambaye sekondari alisoma Highland Park kule Dallas, shule ile ile aliyosoma Bobby Layne. Wapenda laana wakachanganyikiwa kwa furaha.

Ila mechi ya kwanza ya 2009, na Stafford wao mpya, walikwenda New Orleans wakafunga pointi 27, nyingi kuliko mechi yoyote ya 2008. Wakafungwa 45. Ya pili Vikings, 27-13. Hapo vimefika vipigo 19 mfululizo ukihesabu na ile ya mwisho ya 2007.

Septemba 27 Washington wakaja Ford Field, Lions wakashinda 19-14, mashabiki wakagoma kuondoka mpaka wachezaji wakarudi uwanjani kuwafuata. Watu wengi wakiangalia ile picha wanaiona ile 19. Mi macho yanakwenda kwenye 14.